Nimekula mlo wa sahani nane Seoul, na sahani iliyonikaa moyoni ni ukoko

Mpishi wa Pangani

Wakuu, salaam.

Mimi ni mpishi kwa kazi. Nimezaliwa Pangani, nimepika miaka saba kwenye hoteli za Zanzibar, na sasa niko Seoul mwaka wa pili kwa masomo ya upishi. Jumamosi iliyopita nilikwenda kula kwenye mgahawa mmoja wa Gangnam, eneo la kitajiri la Seoul, wa ile aina ambayo huchagui chakula. Unakaa, na jiko linakuletea sahani moja moja kwa mpangilio walioupanga wenyewe. Jina la mgahawa silitaji, sitaki uzi ugeuke tangazo. Nataka kuwaeleza chakula chenyewe.

Niliyekwenda naye ni mwalimu wangu wa Kikorea, mama wa miaka sabini na mbili, mstaafu, anayefundisha wageni bila malipo kwenye maktaba ya mtaa. Mwaka mzima amekataa kila nilichotaka kumpa. Nikasema basi, nitamlisha.

Meza niliipata kwa CatchTable, programu ambayo watu wengi hapa huwekeshea meza. Nafasi za mwezi unaofuata zinafunguliwa siku moja, saa moja, na ukichelewa dakika tano umekosa. Unalipa kabisa, na usipotokea fedha yako imekwenda. Chakula cha mchana kilikuwa won 150,000 kwa mtu, zaidi kidogo ya laki mbili na nusu za Kitanzania. Cha usiku ni karibu mara mbili. Kodi imo humo humo, na bahashishi Korea haitolewi. Wakati wa kuwekesha niliandika kwamba mimi ni Muislamu: nguruwe hapana, pombe hapana, nyama isiyochinjwa kwa dini yetu hapana. Siku mbili kabla wakanipigia simu kuuliza kama sosi iliyotiwa divai ya mchele nayo ni tatizo. Nikasema ndiyo. Walinibadilishia sahani tatu, na hakuna hata moja iliyoonekana kuwa ya kubahatisha.

Cha kwanza kuletwa kilikuwa vitu vidogo vya kula kwa mkono. Kilichonishika ni bugak: mwani unaopakwa uji wa mchele wa kunata, unaanikwa mpaka ukauke kabisa, halafu unapitishwa kwenye mafuta ya moto kwa sekunde chache. Uji unavimba, unakuwa mweupe, unavunjika mdomoni na haukuachii mafuta ulimini. Nikawakumbuka mama zetu wa Paje na Jambiani, wanaolima mwani tangu mwisho wa miaka ya 1980, wanaukausha, unatiwa kwenye magunia na kwenda nje. Najua wa kwetu ni wa jamii nyingine na kazi yake kubwa iko viwandani. Lakini Korea mwani ndiyo supu anayopewa mama aliyejifungua, na ndiyo supu ya siku ya kuzaliwa. Kwetu unapita mikononi mwa mama zetu bila kufika jikoni kwao.

Ikafuata saladi baridi ya kamba na pea, imechanganywa na mchuzi wa kokwa za msonobari zilizosagwa, mweupe kama tui la kwanza. Kisha jeonbok, konokono wa baharini anayeshikilia miamba, aliyepikwa kwa mvuke taratibu, na mchuzi wa kijani uliotokana na ini lake mwenyewe. Hapo Mwalimu aliweka vijiti chini akafumba macho. Alisema baba yake alikuwa akimletea mmoja tu kutoka kisiwa cha Jeju, wakati alipokuwa mgonjwa.

Sahani ya nne ndiyo iliyonifanya nitulie. Kipande cha samaki mweupe, cha kawaida tu, na chini yake kijiko kimoja cha mchuzi wa kahawia. Mhudumu akasema: doenjang ya miaka minane.

Naomba nikae hapa kidogo, maana asiyejua jang, yaani viungo vya soya iliyovundikwa, hajajua Korea inakula nini. Unachemsha soya, unaziponda, unazifinyanga kuwa matofali yanayoitwa meju. Unayafunga kwa majani makavu ya mpunga na kuyatundika. Kwenye yale majani kuna vijidudu vinavyoingia ndani ya soya na kuanza kazi ya kuvundika, yaani kamba ya kutundikia ndiyo hiyo hiyo hamira. Baada ya wiki kadhaa matofali yanaoshwa, yanatumbukizwa kwenye maji ya chumvi ndani ya mtungi wa udongo, pamoja na vipande vya mkaa na pilipili kavu. Siku arobaini, sitini, inategemea hali ya hewa na mkono wa mwenyewe. Halafu unatenganisha. Maji ndiyo ganjang, sosi ya soya. Mabaki mazito ya soya ndiyo doenjang. Ya tatu, gochujang, hutengenezwa kivyake kwa unga wa pilipili, mchele wa kunata na unga wa meju. Mitungi inakaa uani kwenye jua na theluji, nayo inapumua, kwa sababu udongo wake una vitundu visivyoonekana kwa macho. Desemba 2024 UNESCO iliuingiza utaalamu huu wa jang kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Ule wa familia kukusanyika kutengeneza kimchi, achari yao ya kabichi, ya majira ya baridi uliingia tangu 2013.

Sasa fikirieni bibi yako anavyoweka achari ya ndimu juani, anaingiza ndani jioni, anatoa tena asubuhi, na hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kufungua chupa. Ni moyo ule ule. Tofauti ni kwamba hapa mtungi wa bibi umeingia kwenye mgahawa wa Gangnam na umewekwa mbele kabisa. Ile sahani ilikuwa na samaki wa kawaida na miaka minane, na nilichokuwa nakilipia ni hiyo miaka.

Sahani ya tano ilikuwa nyama ya ng'ombe wa Kikorea kwa Mwalimu, mimi uyoga uliochomwa juu ya mkaa. Nzuri. Tuendelee.

Kabla ya sahani ya sita mhudumu akatuuliza: "Siksa mtapenda wali au tambi?" Siksa maana yake ni mlo. Tumeshakula vitu vitano na mtu anatuuliza sasa mtakula nini! Mwalimu akanitazama akasema, "Sasa ndiyo tunakula." Nikahisi niko nyumbani. Kwetu mtu anaweza kumaliza mihogo, maandazi na samaki wa kuchoma, na ukimuuliza atakuambia bado hajala, kwa kuwa wali haujafika.

Ukaja wali ndani ya chungu kizito, umepikwa palepale kwa ajili ya meza yetu, na vibakuli vya kimchi, mboga na supu. Wakorea wanauita bap. Mchele ambao haujapikwa ni ssal. Mpunga shambani ni byeo. Nilipojifunza maneno hayo mwaka jana nilimwambia Mwalimu kwamba nasi tunayo matatu, mpunga, mchele, wali, na zipo lugha nyingi kubwa zenye neno moja tu kwa vyote. Alifurahi kama niliyemwambia sisi ni ndugu. Siku hii, mhudumu alipomaliza kutupakulia, wali ulioshika chini ya chungu aliuacha. Akamimina maji ya moto juu yake, akafunika, akaondoka.

Mwalimu akaniambia, "Hicho kinaitwa nurungji."

Nikamwambia, "Na sisi tuna neno lake. Ukoko."

Akalirudia. Ukoko. Ukoko. Kisha akanieleza kwamba zamani, kabla majiko ya umeme ya wali hayajaingia kila nyumba, mlo uliishia hivyo. Maji ya moto juu ya ukoko, yanaitwa sungnyung, yanasafisha kinywa na yanafuta njaa iliyobaki. Mama yake alikuwa akiwapa watoto ukoko wenyewe na yeye anakunywa maji. Akafunua chungu. Desturi ya hapa ni kwamba mkubwa ndiye anayeanza, na kwa mwaka mzima sijawahi kuinua kijiko kabla yake. Akakwangua ule ukoko uliolainika, akauweka wote kwenye bakuli langu. Kwake akamimina maji.

Nililia wakuu. Mhudumu akaleta kitambaa bila kuuliza kitu.

Vitamu vilikuja viwili. Cha kwanza pea iliyochemshwa na tangawizi, cha pili yakgwa, vitumbua vidogo vya unga, ufuta na asali. Sivikumbuki vizuri.

Ninachotaka kusema kama mpishi ni hiki. Nimefanya kazi kwenye jiko la hoteli ambako mgeni akilipa sana tunampa chakula cha Kizungu, na akilipa kidogo tunampa wali na samaki wa nazi. Tulifundishwa kwamba ghali ni cha kwao. Hapa nimeona mgahawa wa bei ya juu unamaliza mlo wake kwa ukoko na maji ya moto, na hauoni haya. Naomba tujadili.

---

Kibibi wa Mwembe Tayari

Dada, umeniliza na mimi hapa Mombasa. Utandu huo, sisi tulikuwa tukiugombania mpaka mama anaugawa kwa kijiko. Suala langu: hizo sosi za soya na hiyo pilipili yao si zina pombe? Mwanangu anataka kwenda kusoma huko na ndilo linalonipa wasiwasi.

Mpishi wa Pangani

Bi Mkubwa, shikamoo. Jang ya asili ni soya, chumvi na maji, na gochujang huongezwa pilipili na nafaka. Ya dukani ndiyo ya kuangalia, kwa sababu viwanda vingi huongeza spiriti kidogo isiharibike. Kwenye kibandiko imeandikwa "주정", mwanao akariri umbo la neno hilo na awe analitafuta. Zipo pia zenye alama ya halali. Itaewon, hapa Seoul, uko msikiti mkuu uliofunguliwa 1976, na mtaa unaouzunguka una mabucha na mikahawa ya halali.

Jingine ni chakula cha mahekalu ya Kibudha. Hakina nyama wala samaki, na hata kitunguu na kitunguu saumu hawatii. Balwoo Gongyang, karibu na hekalu la Jogyesa, wanakupa mlo wa hatua kwa hatua wa mboga tupu, na waliwahi kuwa na nyota ya Michelin, mwongozo wa Kifaransa unaopima migahawa kwa nyota moja hadi tatu. Mwambie ajaribu.

---

Mkulima wa Ifakara

Hongera kwa kuandika vizuri. Mimi nalima mpunga. Nimesoma mpaka mwisho na bado naona uchungu. Laki mbili na nusu mtu mmoja, chakula cha mchana. Mimi gunia la mpunga nalibeba mgongoni mpaka barabarani na dalali ananipangia bei amesimama kivulini. Halafu mtu analipishwa fedha hiyo kwa ukoko. Sikulaumu wewe dada, fedha ni zako na mwalimu wako alistahili. Ila niambie hizo fedha zinakwenda wapi.

Mpishi wa Pangani

Kaka, swali lako ni la haki na uchungu wako nauelewa, baba yangu naye alilima kando ya Mto Pangani.

Nilihesabu. Wageni tulikuwa kumi na nane. Jikoni, walioonekana kwa macho yangu, walikuwa kumi na mmoja. Wahudumu watano. Hao kumi na sita wanalipwa kwa wageni kumi na wanane, na wageni hao hawabadilishwi, meza ni moja kwa mlo mmoja. Weka kodi ya pango ya Gangnam. Weka vyombo, maana kila sahani ilikuwa imefinyangwa kwa mkono. Usidhani ni biashara ya kutajirika haraka. Gaon ulikuwa mmoja wa migahawa miwili iliyopewa nyota tatu mwongozo wa Michelin wa Seoul ulipotoka mara ya kwanza mwishoni mwa 2016, na nyuma yake ilikuwapo kampuni kubwa ya vyombo vya kauri. Pamoja na hayo, mwanzoni mwa 2023 ulikuwa umeshafungwa.

Lakini kuna jambo ulipaswa kuliona pale. Kadi ya menyu ilitaja aina ya mchele na wilaya ulikolimwa. Mhudumu alieleza kwamba ulikobolewa wiki ile ile. Mchele ulisemwa kwa jina kama watu wanavyosema jina la samaki au nyama. Wa kwako ukifika Dar unaitwa "mchele wa Mbeya" hata kama umetoka Kilombero, na wewe unajua.

Mkulima wa Ifakara

Hapo umenigusa. Ni kweli, wanauita wa Mbeya.

---

Mtoro wa Jersey City

Niongezee ya upande huu wa Marekani. New York ndiko chakula cha Kikorea cha namna hii kilikoshika sana nje ya Korea. Jungsik ilianzia Seoul 2009, ikafungua New York 2011, na Desemba 2024 ikawa mgahawa wa kwanza wa Kikorea Marekani kupata nyota tatu. Atomix, ya mume na mke Junghyun Park na Ellia Park, ilifunguliwa 2018. Mke wangu alinipeleka tulipotimiza miaka kumi ya ndoa. Watu kumi na wanne tu wanazunguka kaunta. Kwanza unaletewa vijiti vya kulia uchague jozi yako, kisha kila sahani inakuja na kadi inayoeleza chakula, jina lake la Kikorea na asili yake. Majina hawakuyatafsiri. Jang ni jang. Nilikuwa nimezoea kuona watu wakiuza chakula cha kwao ugenini kwa majina ya kuazima ili wenyeji wasiogope, na hawa wakafanya kinyume: wamekuachia neno lao, wakakupa kadi ukajifunze.

Kadi zangu ninazo mpaka leo. Binti yangu anazitumia kusomea.

Mpishi wa Pangani

Asante kaka. Na kwa upande wa Seoul mwenye nia hiyo hiyo ni mpishi Kang Mingoo wa mgahawa wa Mingles. Alifungua 2014, mwaka 2025 akapewa nyota tatu. Kitamu chake kinachojulikana zaidi kina jang zote tatu ndani: doenjang kwenye kastadi, ganjang kwenye karanga za pekani, gochujang kwenye nafaka zilizovimbishwa kama bisi, na aiskrimu ya vanila katikati. Mwalimu wangu nilipomsimulia alikunja uso, kisha baada ya muda akasema, "Doenjang ina chumvi, na chumvi huamsha sukari. Huyo kijana amefikiri."

---

Mzee wa Vuga

Binti yangu, nimefuatilia kwa makini. Maelezo yako yana adabu. Nina neno moja. Sisi tulilelewa kwenye sinia. Mikono sita, sinia moja, mkubwa anasogezea wadogo minofu. Na ninavyojua mimi, Wakorea nao hupanga vibakuli vyote mezani kwa pamoja, kila mtu anachokoa anapotaka. Sasa huu mpango wa sahani moja moja, kila mtu na yake, si ni kuwavisha Wakorea kanzu ya Wafaransa? Wamelinda ladha wakaacha ukaaji.

Mpishi wa Pangani

Shikamoo Mzee. Hili nililiuliza mwenyewe nikiwa njiani kurudi. Mwalimu akanipa jibu ambalo sikulitarajia. Enzi za Joseon, ufalme wa zamani wa Korea, kwenye nyumba za wenye vyeo, kila mtu mzima alikuwa na kijimeza chake kidogo, soban, kinabebwa na mtu mmoja kutoka jikoni mpaka mbele yako. Baba na kijimeza chake, babu na chake. Ule mtindo wa familia nzima kuzunguka meza moja ulienea zaidi karne ya 20. Kwa hiyo chakula cha mtu mmoja mmoja hakikutoka Ufaransa peke yake.

Ila foleni, yaani sahani kuja kwa zamu, hiyo ni ya kuazima, sikatai. Na kuna kilichopotea. Kwenye meza ya kawaida ya Kikorea unachanganya mwenyewe: wali kidogo, kimchi, supu, unarudi kwenye wali. Mlaji ndiye anayetengeneza tonge lake. Kwenye mlo huu mpishi amekutengenezea kila tonge, na kwa sahani tano mimi nilikuwa mpokeaji tu. Ndiyo maana nadhani wali ulipokuja na vibakuli vyake sote wawili tuliamka. Mikono ilianza kupishana. Mwalimu alinichagulia kimchi, mimi nikamwekea mboga juu ya wali wake. Mzee, sinia ilirudi, ingawa kwa dakika ishirini.

Mzee wa Vuga

Marahaba. Nimeridhika na dakika ishirini hizo.

---

Juma wa Chumbageni

Dada samahani narudi kwenye jambo la msingi. Jana nimepika wali wa nazi, ukoko umeshika vizuri, nikamimina maji ya moto kama ulivyoeleza, nikafunika. Umetoka uji wenye mafuta juu na mke wangu amekataa kuonja. Nimekosea wapi?

Mpishi wa Pangani

Wa nazi hauendi, kaka. Tui linaachia mafuta, na chumvi inakaa vibaya kwenye maji. Wa nazi ukwangue ule mkavu, ndiyo utamu wake.

Kwa sungnyung pika wali mweupe, maji na mchele tu, usitie chumvi wala mafuta. Sufuria nzito au chungu. Ukishapakua acha safu nyembamba chini, iwake moto mdogo sana dakika tano mpaka usikie harufu ya bisi na rangi iwe ya kahawia ya chai ya maziwa. Isiungue, ikiungua maji yatakuwa machungu. Mimina maji yanayochemka vikombe viwili, funika, zima moto, subiri dakika kumi. Kwangua taratibu kwa mwiko wa mti.

Mpe mama watoto kikombe cha kwanza, uje utuambie.

Juma wa Chumbageni

Amekunywa viwili. Ananiambia niulize kama anaweza kutia hiliki.

Mpishi wa Pangani

Atie. Hata mimi nitajaribu, na Jumamosi nitampelekea Mwalimu aonje.